Keria Tupu

Saa kumi na moja alfajiri Sudi alinijazia upepo,
akipiga pampu kwa mikono miwili, kaptula inamteleza.
"Bonyeza, mama." Nikabonyeza. Limekaza.
Siku yangu ya mapumziko baada ya zamu nne za usiku
pale duka la dawa, nikihesabu vidonge vya watu.
Nikatoka Gongo la Mboto kabla jiji halijapiga mswaki.

Mlima wa Pugu niliupanda nikisukuma. Sioni haya kusema.
Mbele ya Chanika lami ilinichoka,
ukaanza mchanga, ule unaoshika gurudumu
kama mtoto anavyong'ang'ania gauni la mamaye sokoni.

Kumbe uwazi ulikuwa umejificha huku:
mihogo, mihogo, kipande cha minanasi, mihogo tena,
mkorosho mmoja umesimama kando kama mgeni aliyekosea msiba,
na jua. Si lile la mjini
linalopita baina ya ghorofa likiomba njia.
Hili limevua shati.

Kila ninayepishana naye ana mzigo.
Magunia mawili ya mkaa, na juu yake kuku, hai.
Mikate. Madumu sita.
Mlango mzima wa mbao, na kitasa chake.
Wote wanatazama kwanza nyuma yangu, kisha uso.
"Dada, unapeleka nini?"
"Sipeleki kitu."
"Unafuata nini?"
"Sifuati."
"Lakini hujambo?"

Ukweli, hata mimi sikuwa na jibu.
Nilitaka tu kuisikia cheni yangu bila redio ya mtu,
nitoke jasho ambalo hakuna atakayenilipa.

Saa sita na nusu, karibu na Mvuti, tairi la nyuma
likashusha pumzi,
mara moja, ndefu, kama mtu aliyepewa habari.
Kivuli hakuna. Mhogo hujifunika wenyewe tu.

Aliyenikuta alikuwa na jembe begani,
Kondo Mwinshehe, mtu asiye na neno la ziada.
Akailaza baiskeli kama anayelaza mbuzi,
akauchomoa mpira kwa vijiko viwili vya chai,
akaupeleka kwenye mfereji wa mchicha wake, akauzamisha.
"Tazama."

Nikachuchumaa.
Kwenye tundu la mwiba, jembamba kama uongo mdogo,
mapovu yalipanda moja moja,
na ghafla nikayajua:
ilikuwa alfajiri yetu. Ua wetu, moshi wa jiko la jirani,
sauti ya Sudi akihesabu pampu mpaka sitini
na kuiruka arobaini na saba.
Vyote vilisafiri gizani, vimebanwa,
bila kuona hata nanasi moja,
na sasa vinapasuka, pu, pu,
mbele ya mchicha wa watu.

Kondo akapaka solusheni, akapuliza, akangoja ikauke.
Nikatoa pesa.
"Ungekuwa na mzigo, ningekudai," akasema.
Kisha akajaza upepo wa kwake,
ule wa kondeni, wenye vumbi la mbegu na harufu ya samadi.

Kurudi sikukumbuki vizuri. Mgongo uliuma.
Maji ya chupa yalikuwa chai isiyo na majani.
Yule mwenye mlango nilimkuta kando ya njia,
ameukalia mlango wake, anakula nanasi kwa kisu.
"Umepata?"
"Nimepata."
Akaitazama keria. Akaendelea kula.

Magharibi, uani, Sudi alichungulia nyuma yangu.
"Umetuletea nini?"
Nikamwonyesha gurudumu.
Akainama, akabonyeza kwa dole gumba,
akabonyeza tena, uso umekunjamana kama wa fundi.
"Huu upepo," akasema, "si wangu."